Majukwaa matatu, dhamana moja

SWALI: Nauza mbao Mafinga. Akiba yangu ya dola za kidijitali nimeigawa: sarafu ya USDC nimeikopesha jukwaa moja la mikopo ya mtandaoni, sarafu ya Dai nimeiweka jingine, na tokeni ya risiti (ya kuonyesha nilichokopesha) niliyopewa na la kwanza nimeiweka rehani jukwaa la tatu, nikakopa. Moja likianguka, si mawili yatabaki?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Umefanya kama mtu wa Rungwe aliyeweka shamba lile lile la parachichi dhamana kwenye vikundi vitatu. La kwanza likikwama, la tatu limebaki na risiti isiyo na wa kuilipa.

Na Dai? Machi 2023, Circle, watoaji wa USDC, walisema dola bilioni 3.3 za akiba ya sarafu hiyo zimekwama Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyokuwa imeanguka. Tarehe 11 USDC ikashuka hadi senti 88 hivi, na Dai ikashuka nayo, maana sehemu kubwa ya dhamana inayoitegemeza ilikuwa hiyo hiyo USDC. Bei zilirudi serikali ya Marekani ilipotangaza kuwa wenye amana wote watalipwa. Kabla watu hawajatulia, tarehe 13 jukwaa la mikopo la Euler likaibiwa karibu dola milioni 197. Angle, watoaji wa sarafu ya yuro, hawakuguswa na mwizi, ila walikuwa wameweka fedha Euler. Sarafu yao ikayumba. (Mwizi alirudisha karibu zote baadaye. Usitegemee muujiza huo.)

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huo mkopo wako. Tuseme dhamana ni dola 100, umekopa 75, na kikomo cha deni ni asilimia 80 ya dhamana. Dhamana ikishuka chini ya dola 93.75, roboti yoyote (programu ya kompyuta) inaruhusiwa kulipa sehemu ya deni lako na kujichukulia dhamana kwa punguzo. Haikupigii simu, hata kama uko Makambako unapakia lori. Inachochukua inauza papo hapo, bei inazidi kushuka, na majukwaa mengine yanayosoma bei hiyo hiyo yanaanza kuuza dhamana za wateja wao pia.

Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye akaunti ya benki, si wewe. Kwa hiyo anza na la tatu: lipa deni, uikomboe ile tokeni. Kisha angalia dhamana za Dai zilivyo leo, USDC ni kiasi gani, ndipo uamue kama kweli una sarafu mbili.