Panda mboga na mtoto, hata kwa balkoni

Dada umeuliza kama kupanda mboga na mtoto wa miaka 5 kwa balkoni ya fleti hapo Umoja, Nairobi, kuna maana ama ni kuchafua nyumba tu. Maana iko, tena sana. Anza na kunde, dania iwache kwanza, kunde huchomoza kwa siku chache na mtoto wa umri huo hawezi ngoja wiki mbili. Kata mtungi wa plastiki wa lita 20, toboa chini, weka udongo na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, halafu kazi ya kumwagilia iwe yake hata akimwaga maji kila mahali, hapo ndio anajifunza kutunza kitu. Na zile vita za mboga mezani zitapungua, watoto hupenda kuonja chenye wamepanda wenyewe. Anawe mikono na sabuni akimaliza.