Ukikutana na kachero katikati ya mfululizo

Riwaya ya upelelezi yenye mbio mara nyingi humfikia msomaji ikiwa kitabu cha tano au cha sita cha mfululizo ambao bado unaendelea. Kachero anajulikana na kila mtu humo ndani isipokuwa wewe. Wasomaji wengi hukifunga hapo hapo na kwenda kutafuta cha kwanza. Mimi nimesoma mifululizo mingi ya namna hii, na ushauri wangu ni kwamba usikifunge. Soma hicho hicho ulichonacho.

Mfululizo uliosukwa vizuri huwa na nyuzi mbili. Mmoja ni kesi yenyewe: nani kaua, kwa sababu gani, na je, atanaswa kabla hajaua tena? Huo huanza na kuisha ndani ya kitabu kimoja. Wa pili ni maisha ya kachero: ndoa iliyovunjika, mkubwa wake asiyemwamini, adui aliyemponyoka miaka iliyopita. Huo hupita kitabu hadi kitabu. Uzi wa kwanza ukikubeba mpaka mwisho, mwandishi ameiweza kazi yake, nawe una kila sababu ya kurudi nyuma kutafuta wa pili.

Tofauti zipo, na ni vyema kuzijua mapema. Mikasa ya kachero Bwana Msa, wa mwandishi Muhammed Said Abdulla, kila mmoja unajitosheleza, kwa hiyo ingia popote. Sherlock Holmes naye ana riwaya 4 na hadithi fupi 56, na nyingi husomeka bila mpangilio. Lakini mwaka 1893 mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, alimtumbukiza kwenye maporomoko ya maji ya Uswisi, akamrudisha hai miaka kumi baadaye. Hapo atakayetangulia kusoma kisa cha kurudi kwake atakuwa amejinyima mshtuko mkubwa. Wapo pia kina Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Sweden, waliotoa vitabu 10 kati ya 1965 na 1975 wakivipanga tangu mwanzo kama kisa kimoja kirefu. Hao wasome kwa mpangilio, kuanzia cha kwanza.

Hasara ya kuanzia katikati ni moja: utajua nani alinusurika huko nyuma. Kwangu si hasara kubwa. Kachero tunajua hafi, maana jina lake ndilo linalouza kitabu kijacho. Wa kuhofia ni msaidizi wake, yule kijana mchangamfu aliyepewa kurasa nyingi ghafla.

Sasa mbio zenyewe. Sura ni fupi, zinakatika mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Tunahama kutoka kwa mpelelezi kwenda kwa mhalifu, kisha kwa aliyetekwa, na muda unazidi kuyoyoma. Ukisoma hivyo, vidole hufungua kurasa kabla macho hayajamaliza, na mwandishi anategemea haraka hiyo. Kidokezo cha maana haweki mahali palipotulia, kwa sababu anajua ukitulia utakiona. Hukificha pale unapokimbia.

Kwa hiyo nina sehemu ambazo huzisoma polepole hata moyo ukinienda mbio. Ya kwanza ni orodha: vitu vilivyokutwa mezani kwa marehemu, au majina ya waliohudhuria karamu. Kinachohitajika mara nyingi kimewekwa katikati, kati ya vitu viwili vinavyovutia zaidi. Ya pili ni swali lililoulizwa likakosa jibu kwa sababu simu imelia au risasi imepigwa. Taharuki ikipita tunasahau kwamba yule mtu hakujibu kamwe. Tia alama hapo. Ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, ni mtu mpole anayetoa msaada asioombwa: jirani anayeleta funguo, daktari anayekumbuka saa kamili. Si lazima awe muuaji, ila jiulize amejuaje.

Muhtasari wa nyuma ya jalada usiusome, hasa wa vitabu vya baadaye, kwa sababu sentensi moja tu inaweza kukutajia mjane wa mtu ambaye kwako bado yu hai. Majina yakiwa mengi, yaandike kwenye kipande cha karatasi, kila moja na kazi ya mwenyewe, ukitumie pia kama alama ya ukurasa.

Na kwa kuwa mfululizo haujaisha, kuna kusubiri. Kitabu kipya kikitoka, usirudie kile kilichotangulia chote. Soma sura zake mbili za mwisho tu. Kesi huwa imefungwa, muuaji yuko mikononi mwa polisi, na katika zile kurasa tulivu ambazo wengi huzipitia juu juu ndimo mwandishi huacha barua ambayo haijafunguliwa au mgeni aliyepiga hodi. Kitabu kipya kitaanzia hapo.