Nyaya za ubongoni hupima kifafa, haziponyi

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 24, na kifafa kilimwanza utotoni. Ametumia kabamazepini, kisha lamotrijini, bado anaanguka mara mbili tatu kwa wiki. Picha ya ubongo ya MRI haikuonyesha kitu. Hospitali moja India inataka kumwekea nyaya ndani ya ubongo. Atapona? Na tumwachishe dawa kabla ya safari?

JIBU: Marahaba. Nyaya hizo haziponyi; hutafuta kifafa kinaanzia wapi ubongoni, ili upasuaji wa baadaye ukate hapo. Familia zinauza shamba zikidhani zimelipia tiba, kumbe zimelipia kipimo, na dalali wa safari anajua hivyo na ananyamaza.

Kila waya, yaani elektrodi, ni uzi usiofika unene wa milimita 1, wenye nukta za kunasa umeme, kila nukta urefu wa milimita 2 hivi. Huzamishwa kupitia tundu dogo la fuvu, mara nyingi nyuzi 8 hadi 16. Tatizo ni kwamba nukta hunasa umeme wa karibu yake tu. Chanzo kikiwa sentimita mbili pembeni, utaona umeme uliokwisha kusambaa, na upasuaji utakata sehemu ya ubongo isiyo na tatizo. Madaktari Bancaud na Talairach walipoanzisha njia hii Paris miaka ya 1950, walitaka dhana ya wapi kifafa kinaanzia itangulie elektrodi. Dhana hutoka kwenye EEG (kipimo cha umeme wa ubongo kwa vibandiko vya kichwani) yenye video iliyonasa kifafa chake cha kawaida, na MRI ya vipande vyembamba iliyosomwa na mzoefu wa kifafa. MRI yake ilikuwa ya namna hiyo? Uliza kabla ya kulipa, maana takriban mgonjwa 1 kati ya 100 huvuja damu kichwani kwa nyaya hizi. Na baada ya wiki moja au mbili wodini, jibu linaweza kuwa kwamba hakuna pa kukata.

Dawa msimwachishe! Zitapunguzwa wodini, kamera ikiwaka, mshipa umeshawekewa kanula ya kupitishia dawa. Kuziacha ghafla nyumbani au ndani ya ndege huweza kuleta kifafa mfululizo, nacho huweza kuua. Kikipita dakika 5 ni dharura. Mganga anayesema "acha za hospitali ili yangu ifanye kazi" anahatarisha maisha ya mtu, na mafuta ya kupaka utosini hayafiki kwenye ubongo.

Mrekodini kwa simu tangu dakika ya kwanza, kabla hajaanguka: mkono gani unachezea kifungo cha shati, kichwa kinageukia upande gani, anatafunatafuna, anajibu akiitwa? Video hiyo iende pamoja na orodha ya dawa na dozi zake, kwa miligramu.