Kunaswa na kamera ya spidi Salgaa
Ndugu, umeuliza kama unaweza kupinga shtaka la kwenda kilomita 118 kwa saa karibu na Salgaa, ilhali basi lilikuwa likikupita wakati huo huo. Unaweza, na basi hilo ndilo kiini cha utetezi wako. Kifaa cha kupima spidi kwa rada hutuma mawimbi ya redio ambayo hutanuka kadiri yanavyosafiri, hivi kwamba yakifika mbali huweza kufunika magari mawili, na bati pana la basi hurudisha mwangwi wenye nguvu kuliko gari dogo. Kifaa cha leza, kinachotumia mwali mwembamba wa mwanga, hulenga gari moja. Kwa hiyo uliza kwanza kilichotumika ni kipi.

Ukifika mahakamani Nakuru, usikiri kosa kwa haraka ya kurudi kazini, kama wengi wetu tufanyavyo. Kanusha shtaka, kisha uombe kuonyeshwa ushahidi mapema, haki uliyopewa na kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010: picha, saa, mahali, na cheti cha kukaguliwa kwa kifaa. Picha ikionyesha gari lako pekee, hoja ya basi haitakufikisha mbali. Nayo hoja kwamba afisa alisimama pembeni mwa barabara isahau, maana kupima gari kwa pembe, kutoka pembeni, hupunguza spidi inayosomwa, hakuiongezi.