Picha za uchumba na harusi Kigoma: kwa nini maharusi wanakauka mbele ya kamera

Mdogo wangu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema una mwaka unapiga picha za wachumba hapa Kigoma, kamera unayo nzuri, mwanga unaujua, lakini watu wako wanatoka wamekakamaa kama wamekuja kupiga pasipoti. Ukiwaambia wakumbatiane kama wale unaowaona Instagram, wanaona aibu. Na Jumamosi hii una sendofu, sherehe ya kumuaga binti, pale Mwanga hapa mjini. Waliokujibu kabla yangu wamekushauri ununue lenzi. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, nilianzia Ujiji, na ninaamini hao watu wako hisia wanazo tele, ila unazitafuta mahali ambapo kwetu hazikai.

Mfikirie binti aliyelelewa Ujiji au Kasulu. Tangu mdogo anasikia kwamba bibi harusi hutulia, hakodoi macho, hachekicheki siku anayotoka kwao. Halafu unakuja wewe usiyemjua, baba yake mdogo amesimama pembeni, unamwambia, "Mkumbatie, mwangalie machoni, cheka kidogo." Lazima akauke. Yale macho aliyoyainamisha, unayomsihi ayanyanyue, ndiyo hisia yenyewe. Mpige akiwa ameinama. Ukimtazama vizuri utaona kidole gumba kinasugua pindo la kanga, au ameshika mkono wa mdogo wake kwa nguvu mpaka vidole vimebadilika rangi. Kwetu mapenzi yanaonekana kwenye mikono kabla hayajafika usoni, na mpiga picha wa huku asiyeangalia mikono anarudi nyumbani na nusu ya harusi.

Mimi nilijifunza kwa kukosa. Miaka ya mwanzo niliitwa kwenye kuvishana pete, nyumba moja Ujiji. Pete ikaingia kidoleni, vigelegele vikapigwa, nami nikainamisha kichwa kwenye kioo cha kamera kuhakikisha picha ya pete imetoka. Muda huohuo bibi yake binti alinyanyuka kwenye mkeka, akamfunika mabega na kanga yake mwenyewe, akamshika shavu na kumnong'oneza kitu. Nilipoinua macho alikuwa anarudi kukaa. Nikamwambia, "Bibi, samahani, naomba urudie." Akarudia, maskini, maana wazee wetu wanaheshimu kazi ya mgeni. Ile picha ninayo mpaka leo. Mwanga uko sawa, fokasi iko sawa, na bibi ananitazama mimi, anasubiri nimwambie kama amefanya vizuri. Nilipopeleka albamu, binti alifunua kurasa mpaka pale, akauliza, "Hii ni ile ya pili. Ya kwanza ipo?"

Tangu siku hiyo siangalii kioo cha kamera watu wakiwa mbele yangu. Naangalia wakati wa kula. Na kitu kilichokuja chenyewe siombi kirudiwe hata nikikikosa. Pete unaweza kuomba, keki unaweza kuomba. Bibi na kanga yake, hapana.

Sasa utajuaje bibi atanyanyuka? Hapo ndipo kazi ilipo. Siku moja au mbili kabla ya shughuli ninakwenda nyumbani kwao bila kutoa kamera kwenye begi. Natoa shikamoo zangu, nakaa, nikikaribishwa chakula nakula. Usikatae ule ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa kisingizio cha haraka, maana hapo ndipo watu wanazoea sura yako, na kesho yake hawatageuka kila ukipita. Kisha namtafuta shangazi au mshenga, namuuliza maswali ya kawaida tu. Huyu binti amelelewa na nani hasa? Nani alimlipia ada? Nani amevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie kule Kongo, nani amepanda treni kutoka Dar, hawajaonana naye tangu lini? Nani alitakiwa awepo na hayupo? Nikipata majibu naomba nionyeshwe hao watu kwa sura. Siku ya shughuli nakuwa na watu saba au wanane wa kuwafuata kwa jicho, na mara nyingi mwenye machozi ni mmoja wao. Kuna harusi niliambiwa kaka mkubwa ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Watu wote walikuwa wanampiga bibi harusi akipanda gari, mimi nilikuwa namtazama kaka akifunga buti la gari lenye begi la nguo. Aliliegemea lile buti kwa kiganja kama dakika nzima. Familia waliichapisha kubwa, wakaitundika sebuleni.

Kwenye picha za uchumba, hizi za kutoka wawili, tatizo lako la kwanza ni watazamaji. Ukiwapeleka ufukweni Ujiji au Kibirizi saa kumi jioni, mitumbwi imejaa watu, wanaoanika dagaa wanawatazama, watoto thelathini wamewazunguka. Nani atamshika mchumba wake kiuno pale, na huenda mjomba wake ana boti palepale? Watoto ninawapa dakika kumi zao kwanza. Nawapiga, nawaonyesha, wanacheka, nawaomba wakae nyuma yangu, na wengi wanakubali kwa sababu umeshawaheshimu. Wakubwa nawasalimia na kuwaeleza tunachofanya. Lakini wachumba wakiwa waoga sana nawapeleka mahali patulivu, au hata nyumbani kwa dada yake bwana harusi, nyuma ya nyumba, palipo na mti wa kivuli na jiko la mkaa.

Usiwape pozi, wape kazi. Waambie watembee kutoka hapa mpaka kwenye ule mtumbwi, halafu mwanaume asimulie siku aliyopeleka barua ya posa: alivaa nini, nani alimsindikiza, jasho lilimtoka wapi. Mwanamke atamkatiza kusahihisha, maana yeye alikuwa ndani anachungulia na anaijua hadithi kwa upande wake. Wanaanza kubishana, wanasahau upo. Niliwahi kupiga wachumba, kijana ni bodaboda na binti anauza samaki wa kukaanga, wamekakamaa nusu saa nzima mpaka nikasikitika. Nikawauliza, "Jioni mnaonana wapi?" Wakasema kijana hupita kwenye meza yake kula. Tukaenda pale pale kwenye meza. Binti akamchagulia mgebuka bila kumuuliza, akautoa mwiba kwa kucha, akamsogezea. Picha zote nzuri za siku ile zilitoka pale, zenye moshi na karai la mafuta mbele.

Wengi watakuomba stesheni, lile jengo la Wajerumani, reli ilipofika ziwani mwaka 1914, au ile miembe ya Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana 1871. Nendeni, omba ruhusa kwanza, ni pazuri. Ila usitegemee jengo likufanyie kazi. Ukiona picha inasifiwa kwa mandhari na hakuna anayewataja wale wawili, ujue umepiga stesheni.

Kuhusu mwanga, kuna jambo ambalo wapiga picha wanaotoka Dar wanakosea kila mara. Sisi tuko magharibi mno, na saa yetu ni moja na ya Dar. Jua la Kigoma linazama karibu saa moja jioni, na Februari linafika hata saa moja na dakika ishirini na kitu. Dar linatangulia kwa kama dakika arobaini. Basi wao wanapanga picha saa kumi na moja, wanakuta jua bado kali, watu wamekunja nyuso. Anza saa kumi na mbili kasorobo. Jua linashukia upande wa milima ya Kongo, ziwa lote linageuka taa kubwa iliyo mbele yako. Wengi wanawasimamisha wachumba migongo kwa ziwa na kupata vivuli vyeusi viwili. Mara moja inatosha. Wageuze walitazame ziwa, wewe simama kwenye maji kama huna budi, upate ule mwanga usoni. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, kuna moshi na vumbi hewani, jua linakuwa duara jekundu unaloweza kulitazama, na ngozi zetu zinang'aa vizuri ajabu. Pima mwanga kwenye uso wa mtu, usipime kwenye shela. Kamera ikiona nguo nyeupe nyingi inatia giza picha nzima, na waliopotea hapo ni watu wenyewe.

Nikah inahitaji maandalizi yake. Bwana harusi yuko msikitini au barazani na sheikh na mashahidi, bibi harusi yuko chumbani na wanawake. Kabla ya kufungishwa, anaulizwa kama ameridhia. Mara nyingi sauti inatoka ndogo sana, anarudishiwa swali, shangazi wanamfinya kwa upendo. Kwa maoni yangu hakuna dakika nzito kuliko hiyo katika harusi za Ujiji nzima, na wewe mwanaume huingii. Mtafute msichana umfundishe kazi. Mimi nilimfundisha binti mmoja kwa miezi minne, lenzi moja tu ya 35mm, inayochukua eneo pana, bila flashi, akae kwenye pembe asitembee. Picha zake za kile chumba zinazidi zangu zote. Na zile picha, wanawake wakiwa bila mitandio, hazipandi mtandaoni, hazikai kwenye simu yako, hazionyeshwi kwa mteja mwingine kama mfano. Wape wenyewe, futa. Neno likisambaa kwamba picha za chumbani zimevuja kwako, hakuna nyumba Ujiji itakayokufungulia mlango, na watakuwa na haki.

Tuje kwenye sendofu yako. Ukumbini adui yako ni taa. Zile za rangi za mapambo zinamwaga zambarau kwenye nyuso, na zambarau juu ya ngozi nyeusi huiondoi vizuri hata kwenye kompyuta. Ongea na wapambaji mchana, waombe taa za jukwaani zibaki nyeupe wakati wa keki na wakati wa wazazi tu. Hawakatai ukiwaomba mapema. Mistari ikitokea kwenye picha, ni taa zinapepesa. Umeme wetu ni wa 50Hz, jaribu spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, ya 1/100 au 1/50 ya sekunde, na uzime ile shata ya kimya ya kielektroniki. Flashi ielekeze kwenye dari au ukuta mweupe, kamwe usimlenge mzee usoni. Na muombe kijana wa video kwa adabu kabisa azime taa yake mama anapolia, kwa sababu mtu akimulikwa anafuta machozi haraka na kujiweka sawa.

Mshereheshaji ndiye mwenye saa ya shughuli. Kaa naye dakika tano, mwambie: "Binti akipiga magoti kuwalisha wazazi keki, naomba usiwaharakishe, na usiwaambie watazame kamera." Wanakuelewa, wengine wananyamazisha hata muziki. Kwenye keki usisimame mbele katikati kama kila mtu. Piga goti nyuma ya bega la baba, lenzi ya 85mm, inayovuta karibu, kama unayo, ya 50mm inatosha, umuone binti akimwangalia baba kutoka chini. Baba zetu wengi hawalii. Wanameza mate, wanakaza taya, wanarekebisha koti. Basi subiri hilo koti. Keki ikishaliwa usiondoke, wapiga picha wote huwa wanakimbilia meza ya wakwe. Baki na wazazi sekunde kumi zaidi. Mama anapoinamisha kichwa kumfuta binti krimu mdomoni, kama alivyokuwa akimfuta uji, hiyo ndiyo picha ambayo kamati haikukuagiza na ambayo watakukumbuka kwayo kwa miaka.

Zamu ya kutoa mkono na kupiga picha na ofisi, wanakwaya, majirani, piga zote kwa nidhamu. Michango ni yao, wana haki ya kuonekana.

Baadaye kwenye kusafisha, acha kung'arisha ngozi. Mtu aliyeoa binti mweusi anataka kumuona mweusi kwenye ukuta wake. Usifute chozi, usifute chunjua la bibi. Mimi nakabidhi picha mia tatu hivi kwa harusi nzima, na kabla ya kuzipanga namuuliza shangazi yule yule wa siku ya kwanza anitazamie kumi ninazozipenda. Mara nyingi ananionyesha nyingine kabisa, ananieleza kwa nini, na huwa namsikiliza.

Ijumaa nenda nyumbani kwao baada ya Alasiri. Acha kamera kwenye begi. Muulize nani alimlea. Jumamosi fika kabla hajaanza kusukwa, na ukikwama popote niandikie hapahapa, nitakuwa macho.