Akiba ya jikoni kwa anayerudi nyumbani magharibi

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni muuguzi, nakaa Fuoni. Nikitoka kazini nafika nyumbani karibu na magharibi, watoto watatu wana njaa na mimi sina nguvu, basi tunaishia boflo na chai, au chipsi za barabarani. Mwezi uliopita nikaamua kuweka akiba: polo zima la mchele, maharage kilo 5, na karanga. Mchele umeingia wadudu, karanga zimeota ukungu, na chakula cha usiku kinachelewa vile vile. Niweke nini ili nipike upesi? Friji ninayo, ina friza ndogo juu.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Pole sana. Umefanya vizuri kunitajia ulichonunua, maana maharage hata uwe nayo gunia zima, yatachemka kwa muda ule ule. Nimefundisha upishi miaka mingi, na kila mara nikikaa na mama anayelalamika kuchelewa, tukihesabu dakika zake tunazikuta pahala patatu: kwenye nazi, kwenye mbaazi na maharage, na kwenye kukaanga kitunguu na tungule. Kazi hizo tatu ndizo za kuwekea akiba.

Anza na nazi. Siku ya mapumziko kaa kwenye mbuzi uzikune nazi nne kwa mkupuo mmoja. (Ukinunua, itikise usikie maji, na utazame macho yake, yakiwa na unyevunyevu au ukungu, irudishe.) Kila nazi itie kwenye kibakuli bapa chenye kifuniko, uisambaze kwa kiganja, unene usizidi kidole. Ikigandishwa bonge kama tofali itakuweka nusu saa nzima unaingojea iyeyuke. Ikiwa bapa, unaichokoa kwa kisu, unaimwagia maji ya moto, na unakamua kwenye kifumbu kama kawaida. Wapo wanaogandisha tui lenyewe. Linafaa, lakini likiyeyuka hukatika, maji mbali na mafuta mbali, kwa hiyo mimi naipenda zaidi ile iliyokunwa. Tui lililokwisha kukamuliwa usililaze nje hata usiku mmoja.

Mbaazi na maharage yaroweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha chemsha kwa maji mapya mpaka yaive, bila nazi. Yakipoa, yagawe kwa kipimo cha mlo mmoja pamoja na maji yake kidogo, ugandishe. Nazi utaitia siku ya kula. Maharage mekundu lazima yatokote kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto. Yakiwa hayajaiva yana sumu inayotapisha na kuharisha, na moto wa pole hauitoi. Choroko hazihitaji haya yote. Ziache kavu kabatini; zinaiva kwa kiasi cha dakika 40 bila kurowekwa, wali nao ukiwa jiko la pili.

Tungule zikishuka bei, nunua kilo mbili tatu, kaanga na vitunguu, thomu na tangawizi mpaka mafuta yajitenge, ugandishe vikombe vikombe. Usitie bizari. Uzile (bizari nyembamba), hiliki na karafuu viweke vizima, utwange unapopika, harufu ndiyo itakayokulipa.

Sasa mchele wako. Fukusi jike hutoboa punje na kutaga yai ndani yake, na mara nyingi hilo hutokea ghalani, kabla ya polo kufika kwako. Ndiyo maana hata debe linalofunga vizuri lisingekusaidia. Nunua mchele wa mwezi mmoja tu, uupitishe kwenye friza kilo mbili mbili, siku nne kila zamu. Ukiutoa usiufungue mara moja. Uache kwanza upoteze baridi, la sivyo hewa yetu ya unyevu, hasa masika ya Machi hadi Mei, itaacha umande juu ya punje. Ule ulioingia wadudu peta, osha, mle. Fukusi wanakera, hawana sumu.

Karanga tupa zote, usichague nzuri na mbaya. Ukungu wa karanga unaweza kuwa na sumukuvu, inayoharibu ini, na haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Najua zimekugharimu, lakini kwa hili nakuomba sana, usiwape watoto.

Jambo jengine ni wali wa kiporo. Ukipika mwingi, uingize friji ndani ya saa mbili, uliotandazwa kwenye chombo kipana upoe haraka. Wali uliolala sufuriani juu ya meza huweza kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haifi.

Usiitegemee friza peke yake. Sisi wa Unguja tuliishi bila umeme wa waya miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, nami niliona watu wakimwaga vyakula. Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, hushika baridi kiasi cha siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja. Kwa hiyo kabatini ziwepo choroko, tambi, dagaa wakavu kwenye chombo kinachofunga, jodari wa kopo mbili tatu, ukwaju, na mayai. Hivyo vinakutosha kwa usiku wa kiza.

Jumamosi hii usijibebeshe yote. Zikune nazi mbili tu, na chemsha mbaazi kilo moja. Jumatatu ukifika, bandika wali kabla hujavua baibui, mbaazi zitie sufuria ya pili na tui juu yake, kisha ukaswali. Ukimaliza utakuta zimeshaanza kutokota.