Mbwa mtu mzima kahamia kwako

Shikamoo mzee. Nimeachiwa mbwa wa miaka 6 na jirani aliyehamishiwa Dodoma kikazi. Leo siku ya tatu hali, kutwa yuko getini. Anaumwa? (Mama wa Njiro, Arusha)

Marahaba mwanangu. Huenda haumwi, anasubiri. Miaka yote hiyo honi ikilia geti hufunguliwa na mwenyewe huingia; habari za Dodoma nani kamwambia? Almradi anakunywa maji, siku mbili tatu za kutokula zisikutie hofu. Ila akikuruhusu, mwinue mdomo wa juu utazame fizi. Zikiwa nyeupe, au ukimkuta na kupe na amelegea, mwite bwana mifugo leo leo, maana homa ya kupe nayo huanza kwa kususa chakula.

Kaka yangu alipofariki kule Kibosho nilimchukua mbwa wake, dume zee la rangi ya majivu. Nikampikia ugali kwa maini, akaupa mgongo. Alikuwa amebeba ndala moja ya marehemu, akailalia mlangoni, pua kaichomeka kwenye ukanda. Mke wangu alitaka kuiosha, nikamkatalia. Kila jioni saa 12 niliweka bakuli, nikaketi kando naambua maharage bila kumtazama. Baada ya robo saa naliondoa. Siku ya tano nikasikia bakuli linaburuzwa sakafuni. Sikugeuka.

Kwa hiyo mpigie jirani, akutumie blanketi au gunia alilokuwa akilalia, na usilifue. Chakula kiwe saa ileile, mahali palepale. Usimfuate kumpapasa, atakuja. Wazoefu husema siku 3 za kushangaa, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Wa kwangu alichukua karibu mitano.

Usiku analia mpaka majirani wamenijia juu. Mchana namfungia bandani, kama mbwa wote wa huku. Nimchape? (Kijana wa Pasua, Moshi)

Hapana! Ukimchapa atajifunza kukuogopa wewe, si kunyamaza. Hilo banda la nyuma ya nyumba ndilo kesi yenyewe: mchana yuko peke yake, usiku nyote mmelala. Mbwa aliyezoea watu hapo anaona katupwa mara ya pili. Mlaze barazani karibu na mlango wa jikoni, juu ya gunia kavu. Baridi ya Juni na Julai hapa mlimani mbwa mzee haiwezi. Mtembeze alfajiri kabla bodaboda hazijachangamka, na jioni tena. Halafu mzoeshe kuachwa: toka dakika moja, rudi, dakika tano, rudi, nusu saa, rudi. Ukitoka usimuage kama unapanda basi la Dar.

Majirani waendee mwenyewe, uwaombe wiki tatu. Jirani aliyeombwa huvumilia kelele ambazo asiyeombwa angezipeleka kwa mjumbe.

Anaitwa Bruno. Naruhusiwa kumwita Simba? (Sakina, Arusha)

Ruksa. Ita jina jipya ukiwa na kipande cha nyama mkononi, wiki mbili hazipiti atakuwa amelishika. Ila mtaani kwangu akina Simba wako wanne, na ukiita wanakuja wote.

Nimtafutie mwenzake asiwe mpweke? (Usa River)

Bado. Anachokosa ni watu wake. Ukileta mgeni wa pili sasa, utakuwa na wapweke wawili wanaogombea bakuli moja.

Babu, Desemba wajukuu wanapanda Machame na mbwa ana mwezi mmoja tu hapa. Nifanye nini? (Bibi wa Machame)

Kwanza chanjo. Kama hukukabidhiwa kadi yake, mchanje upya dhidi ya kichaa, kurudia hakumdhuru. Watoto nao wafundishwe siku ya kwanza, kabla ya mabegi kufunguliwa: asiguswe akila, asiguswe amelala, asikumbatiwe shingoni. Mbwa anayegeuza kichwa, kujilamba midomo na kupiga miayo wakati hana usingizi anasema "nimechoka na nyie". Watoto wengi hung'atwa kwa kutoisikia lugha hiyo. Mpe kona ambayo mtoto haruhusiwi kuingia.

Akimng'ata mtu, hata mkwaruzo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msipake majani wala majivu.

Na huyo mbuzi wa Krismasi, mifupa yake iliyopikwa isimfikie: hupasuka vipande vyenye ncha, vikatoboa utumbo. Kitunguu cha kwenye mchuzi nacho humharibia damu. Mtolee nyama yake ikiwa ya kuchemsha, kabla hamjaunga.